Nilivyojifunza Kukama Upya

Nilipoolewa Ndabibi, mama mkwe alinipeleka zizini asubuhi ya kwanza, akanipa ndoo, akasimama kando kunitazama. Hakuniuliza kama nimelala vizuri. Nilipomaliza aliinama, akaona povu limejaa hadi ukingoni, akaondoka. Jioni nilimsikia akimwambia jirani nje ya ua, "Huyu ana mikono." Nilikuwa nimevishwa pete na kupigiwa vigelegele wiki iliyotangulia, lakini kwangu mimi ndoa ilianza pale.

Kwa miaka mingi baadaye nilikama kila siku, alfajiri na alasiri, jua likiwaka au baridi ikishuka kutoka milima ya Eburru. Nilikama nikiwa mjamzito, na nilikama nikiwa na mtoto mgongoni. Mama mkwe alifariki, watoto wakakua wakaenda zao kutafuta maisha, na tukabaki wawili, mimi na mzee wangu, na ng'ombe wanne wa maziwa. Kazi tuliigawa kama tulivyowakuta wazee wameigawa. Yeye alikuwa wa malisho, dawa, ua na kupeleka maziwa kituoni. Kiwele kilikuwa changu.

Ganzi ilianza polepole. Kwanza niliamka nikiwa na vidole vya mkono wa kulia vinavyowaka kama nimevichoma kwenye jiko, nikautikisa mkono hadi ukatulia, nikalala tena. Nilidhani nimeulalia. Baada ya muda ikawa hata mchana. Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa kama vimevikwa glavu nene. Nilishika kitu bila kujua kama nimekishika. Vifungo vya sweta vikanishinda. Viazi nilivimenya vikabaki na maganda nusu, mzee akavila bila kuuliza.

Sikumwambia mtu. Katika nyumba yetu mkono wangu ulikuwa kitu cha kutegemewa kama tangi la maji, na mtu hatangazi kwamba tangi linavuja kabla hajalitazama vizuri. Nilipaka mafuta ya kondoo. Nilifunga kitambaa cha moto. Mwenye duka la dawa aliniambia ni baridi yabisi, akanipa vidonge, vikanisaidia siku mbili tatu kisha mambo yakarudi palepale.

Kilichonifunua ni ng'ombe. Mmoja wao, mwekundu mwenye pembe iliyokatwa, alianza kuwa na kiwele kigumu upande mmoja, na maziwa yakatoka na mabonge. Mzee akamwita daktari wa mifugo. Alimpapasa, akamchoma sindano, kisha akauliza, "Huyu anakamwa na nani?"

"Ni mimi," nilisema.

"Mama, unaacha maziwa ndani. Humalizi. Maziwa yakibaki ndiyo haya."

Mzee aligeuka kunitazama. Hakukasirika. Alishangaa tu, kama mtu aliyeambiwa kwamba jua limechelewa kuchomoza. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nilikuwa nimekosa kumaliza kiwele, mimi, na sikuwa nikijua, kwa sababu vidole vyangu havikuwa tena na habari ya kunipa.

Dada yangu mkubwa anaishi Free Area, Nakuru, ana duka dogo la mboga na mafuta ya taa. Alinipigia simu wiki hiyo, na nikiwa katikati ya kuongea naye simu ikaniponyoka ikaanguka kwenye kihori. Nilipoiokota alikuwa bado yuko, akipiga kelele.

"Ni nini hiyo imeanguka?"

"Ni simu. Mkono umekataa."

"Umekataa aje?"

Hapo ndipo nikamweleza yote. Akasema, "Jumatatu uwe hapa kwangu. Usipokuja, mimi nafunga duka nakuja kukuchukua, na unajua vile nitaongea mbele ya mzee wako."

Nilikwenda.

Daktari wa hospitali alikuwa mwanaume mnene mwenye sauti ya upole. Alinigongagonga kwa ncha ya kidole kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, na kila alipogonga umeme ulinirukia hadi kwenye vidole. Akaniambia nikunje mikono yote miwili, niigusanishe migongo kwa migongo, vidole vikielekea chini, na nikae hivyo. Kabla hajamaliza kuandika sentensi yake, ganzi ilikuwa imeshafika.

"Kidole cha mwisho je? Hiki kidogo?"

"Hicho ni kizima kabisa."

Akacheka. "Basi hicho kidogo kimeniambia kila kitu."

Alinichorea kwenye karatasi. Alisema kwamba hapa kwenye kifundo kuna mfereji mwembamba, na ndani yake zinapita kano za vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikifanya kazi ileile kupita kiasi zinavimba, na mfereji hauna pa kupanukia, basi mshipa unabanwa. Mshipa huo ndio unaohudumia dole gumba na wenzake. Kidole kidogo kina mshipa wake mwingine unaopita njia nyingine. Ugonjwa wenyewe unaitwa carpal tunnel.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nakama ng'ombe."

"Kwa mkono?"

"Sasa nikame na nini kingine, daktari?"

Akacheka tena, kisha akawa na uso wa kazi. Aliniambia kuna kupasua, wanafungua ule mfereji ili mshipa upumue. Lakini aliibonyeza nyama iliyo chini ya dole gumba langu akasema bado imejaa, haijaanza kunywea, kwa hiyo tuanze na mazoezi ya tiba ya viungo. "Nenda kwa fizio. Mpe miezi michache. Ikikataa, tutakuja kwenye kisu."

Nikasema sawa, lakini moyoni sikuamini. Nilijiuliza mtu anawezaje kuponywa na mazoezi wakati ni mazoezi hayohayo, ya kukama, yaliyomuua.

Chumba cha fizio kilikuwa upande wa Milimani, kwenye jengo lenye miti mikubwa mbele. Ndani kulikuwa na vitanda, mipira mikubwa ya rangi, na vyuma viwili virefu ambapo mzee mmoja aliyepigwa na kiharusi alikuwa anajifunza kutembea. Fizio wangu alikuwa binti mrembo aliyevaa hijabu ya kijani. Babu yake, aliniambia baadaye, alitoka pwani kufanya kazi ya reli akabaki Nakuru, na wao wote wamezaliwa hapahapa.

"Shikamoo mama," alisema.

Ndabibi hakuna mtu anayenisalimia hivyo. Shikamoo niliiacha shuleni. Nikajibu, "Mzuri," tukatazamana, tukacheka wote wawili, na tangu hapo nilimpenda.

"Daktari," nilianza.

"Mimi si daktari, mama. Mimi ni fizio tu. Haya, nionyeshe unavyokama."

Nikainua mikono hewani nikavuta. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Hapo huna kitu mkononi. Na mimi ng'ombe namjua kwenye sahani peke yake, sijawahi hata kumkaribia. Ngoja."

Alichukua glavu ya mpira, akaijaza maji, akaifunga juu, akaining'iniza kwenye chuma cha kutundikia maji ya dripu. Kisha akachukua sindano akatoboa ncha za vidole. Akaniletea kigoda kifupi na beseni.

"Haya sasa. Kama."

Nikakaa, nikakama. Maji yalipiga beseni tss, tss, na watu wote wakageuka. Yule mzee wa kiharusi alisimama katikati ya vyuma vyake akaita kwa ulimi mzito, "Mathe, hiyo maziwa ni ya nani? Tuwekee chai!"

Chumba kizima kilicheka. Fizio naye alicheka, lakini alikuwa amepiga magoti kando yangu, macho yake kwenye kifundo changu.

"Acha hapo hapo. Usitoe mkono."

Akanionyesha. Dole gumba langu lilikuwa limekunjwa ndani ya ngumi, na nilikuwa nabana chuchu kwa fundo la kidole hicho. Kifundo nacho kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, na kila nilipovuta kilipinda zaidi.

"Unaona? Hapa ndipo mfereji unabanwa. Kila ukivuta unaubana. Asubuhi na jioni, miaka yote hiyo."

"Ndivyo mama yangu alivyonifundisha."

Nilisema kwa ukali kidogo, maana mama yangu ni marehemu na sikutaka asemwe. Binti yule aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Mama yako alikufundisha vizuri, na huu mkono umelea familia. Sasa umechoka. Tutaufundisha njia nyingine, basi."

Alinipa mkanda mgumu wenye kipande cha bati ndani, wa kuvaa nikilala, ili kifundo kisijipinde usingizini. Alinipitishia kifundoni mashine yenye kichwa cha duara na mafuta baridi. Alinibonyeza kiganja kwa madole gumba yake hadi nikauma midomo. Kisha akanifundisha mazoezi. Vidole vinyooke, vijikunje kama ndoano, vifunge ngumi, vinyooke tena. La pili lilikuwa la kunyoosha mkono pembeni, kiganja kikiwa wima kama mtu anayesimamisha gari barabarani, halafu kichwa kiinamie upande mwingine polepole, kisha kirudi.

"Na kukama?" niliuliza.

"Kukama unaacha kwanza."

"Nani atakama?"

"Hilo utalijua wewe na mzee."

Mzee wangu alikuwa anaufahamu mwili wa ng'ombe kuliko wa kwake mwenyewe. Angemtazama kwa mbali akakuambia ana homa. Lakini kukama hakuwahi. Kwao mwanamume alichunga na mwanamke alikama, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Niliporudi na mkanda wangu nikamweleza, alivua kofia akaichezea.

"Basi tutafute mtu," alisema.

"Mtu wa kuwaharibu? Yule mwekundu ndiyo kwanza anapona."

"Sasa nani?"

"Wewe."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avae gauni. Na ukweli ni kwamba siku ya kwanza ilikaribia kuwa hivyo. Mwekundu alipomwona amekaa kwenye kigoda changu, alirusha teke ndoo ikaruka hadi ukutani. Mara ya pili akamkanyaga mguu. Mara ya tatu akasimama, lakini akakataa kabisa kushusha maziwa. Nikamwambia mzee avae aproni yangu, ile ya maua iliyokuwa na harufu yangu na ya maziwa ya miaka, labda ng'ombe atadanganyika. Akaivaa. Nikamfungia kamba nyuma kwa mkono wangu mzima. Mwekundu akamnusa, akapumua kwa nguvu, akatulia.

Wakati huohuo jirani akapita kwenye lango. Akasimama.

"Mzee! Uko sawa?"

"Niko sawa," mzee wangu alijibu bila kugeuka. "Nakama ng'ombe wangu."

Nilijua ameona haya. Lakini hakuivua aproni. Aliendelea, chuchu baada ya chuchu, jasho likimtiririka, nami nikiwa nimekaa kwenye gogo kando yake nikimwelekeza. Bana juu kwanza. Sasa shusha vidole. Usivute, huyo si kengele ya kanisa. Maziwa aliyopata siku hiyo yalikuwa machache, lakini aliyabeba kituoni yeye mwenyewe kichwa kikiwa juu. Tangu tuoane sikuwahi kumwona mume wangu kwa namna nilivyomwona jioni ile, na nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Mimi nami nilikuwa na kazi yangu, mazoezi. Nikayafanya kwa bidii ya mtu aliyezoea kwamba kazi ikifanywa sana inaisha haraka. Niliyafanya nikichemsha chai, nikienda kisimani, kanisani katikati ya mahubiri. Nilinyoosha ule mkono wa kusimamisha gari kwa nguvu zangu zote hadi nikahisi waya unavutika toka shingoni. Na badala ya kupona, mkono ukawaka moto. Vidole vikarudi kufa, na sasa maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Nilipofika Free Area kwa dada safari iliyofuata nilikuwa nimeshakata tamaa.

"Nitapasuliwa," nilimwambia. "Wakate waone kilicho ndani."

Dada alikuwa anapanga nyanya. "Kwanza umwambie yule msichana," alisema. "Kisu hakitoroki. Kitakungoja."

Fizio alinisikiliza hadi mwisho.

"Mazoezi ulifanya mara ngapi kwa siku, mama?"

"Kila nikikumbuka."

"Na ulikumbuka mara ngapi?"

"Sikusahau."

Alijifunika mdomo ili asicheke, akashindwa. Halafu akanikalisha, akanishika mkono, akauendesha yeye mwenyewe, polepole sana, akaishia kabla sijahisi chochote.

"Hapa ndipo pa kusimama. Kabla ya umeme. Huu si mtaro tunachimba. Mshipa wa fahamu haupendi kuvutwa. Unataka kuteleza kidogo ndani ya njia yake, uende, urudi. Ukiuvuta unakasirika, ukikasirika unavimba, na tunarudi nyuma. Fanya kidogo, acha. Kwako wewe kuacha ndiyo sehemu ngumu ya zoezi."

Hilo lilikuwa kweli. Sikuwahi kufundishwa kuacha. Nilirudi nyumbani nikajifunza kufanya kidogo na kukaa chini, na kukaa kulinishinda kuliko kukama ng'ombe kumi. Nilikaa nikatazama mzee akikama. Nilikaa nikasikiliza ndege kwenye miti ya mgunga. Niligundua kwamba kutoka pale kwenye gogo langu ziwa la Naivasha linaonekana kama kisahani kwa mbali, na miaka yote hiyo nilikuwa nimeligeuzia mgongo.

Kila nilipokwenda kliniki, fizio alinipa mtihani mmoja. Alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye punje za mahindi na maharagwe zimechanganywa. Natia mkono ndani bila kutazama, nachukua punje moja kwa dole gumba na kidole cha shahada, nataja ni nini kabla sijaitoa. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha. Nasema mahindi, inatoka haragwe. Mtu aliyepanda mahindi na maharagwe maisha yake yote, hawezi kuyatofautisha. Kuna siku nilitaka kuutupa ule mfuko dirishani.

Kisha ikaja asubuhi moja, mvua ikinyesha nje, nikatia mkono bila matumaini yoyote. Nikashika kitu. Na kile kitu kikaniambia. Kilikuwa laini, kimejipinda kama figo, na katikati nilihisi kile kijidoa kidogo, mahali haragwe linaposhikana na ganda lake.

"Haragwe," nilisema.

Ilitoka haragwe.

"Tena," alisema fizio.

Safari hii kona ilinigusa, ncha kali ya punje ilipong'olewa kwenye gunzi. "Mahindi." Ilikuwa mahindi. Haragwe, haragwe, mahindi, haragwe. Nilizitoa moja baada ya nyingine nikiziweka mezani na sikukosea hata moja, na machozi yalikuwa yananitoka nami sikuyapangusa kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Fizio alikuwa anapiga makofi. Yule mzee wa kiharusi, ambaye sasa alitembea kwa bakora moja, aliinua bakora yake juu akapaza sauti, "Mathe ameshinda! Mathe ameshinda!" na karibu aanguke, wakamdaka.

Siku hiyo tulirudi kwenye glavu. Dole gumba likae nje, juu ya vidole, lisijikunje. Kifundo kinyooke, kifuate mkono kama mpini wa jembe. Bana kwa kidole cha juu, kisha cha pili, cha tatu, cha mwisho, maji yashuke yenyewe bila kuvutwa. Mkono wangu ulipinga. Ulijua njia ya mama yangu na kila nilipoacha kuufikiria ulijikunja. Nilijihisi kama mtoto anayefundishwa kushika kalamu. Lakini nilikuwa na glavu nyumbani pia, alinipa mfuko mzima wa glavu, na mzee alizitundika kwenye nguzo ya zizi. Nilikuwa nakama maji huku yeye akikama maziwa, tukiwa tumepeana migongo.

Hatimaye fizio alinipa ruhusa. "Ng'ombe mmoja tu kwa sasa. Na upumzike katikati."

Alisema mmoja. Hakusema yupi.

Ng'ombe wetu mkubwa kuliko wote, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, alikuwa amekaushwa maziwa, hakamwi, muda wote huo akingoja kuzaa. Alizaa wiki hiyohiyo, ndama jike, adhuhuri moja yenye upepo. Kiwele chake kilikuwa kimejaa hadi kinang'aa, kigumu kama mpira uliopuliziwa kupita kiasi, na ndama alinyonya kidogo akalala. Mzee alijaribu kumkama. Mikono yake ilikuwa imezoea wale watulivu, na huyu alikuwa na maumivu. Alipomgusa tu, teke lilikuja. Akajaribu na maji ya moto, akajaribu na aproni, akajaribu kumwimbia. Ng'ombe akawa anahema, miguu ya nyuma ikitetemeka.

"Tumwite daktari," mzee alisema. "Hiki kiwele kitaharibika."

"Niachie kigoda," nilisema.

"Fizio amesema..."

"Amesema mmoja. Huyu ndiye mmoja."

Nikakaa. Kwanza sikumkama. Niliweka paji la uso wangu ubavuni mwake kama nilivyozoea, nikamkanda kiwele kwa kitambaa cha moto, nikimwambia maneno ambayo huwa nawaambia na ambayo hayaandikiki. Nikahisi tumbo lake likipumua kwenye uso wangu, likipungua kasi. Kisha nikashika chuchu mbili. Dole gumba nje. Kifundo wima. Nikabana juu, nikashusha.

Tone likatoka, zito na la njano, dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Kisha uzi mwembamba. Alitikisa mguu, nikangoja, nikarudi. Na ghafla nikahisi maziwa yakishuka. Niliyahisi kwa vidole vyenyewe, joto likijaa chini ya kidole cha shahada, likipita cha kati, likiteremka mkononi mwangu kama kitu hai. Nilikuwa nimesahau kwamba hili huhisika. Ganzi ilikuwa imeninyang'anya taratibu hadi nikasahau kwamba kukama si sauti ya ndoo tu.

Ndoo ilianza kwa mlio mkali wa bati, kisha mlio ukazama kwenye povu. Nilipumzika kama nilivyoambiwa, nikanyoosha vidole, nikaendelea. Mzee alichuchumaa pembeni ya kichwa cha ng'ombe, amemshika pembe, macho yake yakiwa kwenye kifundo changu.

"Umenyooka," alininong'oneza. "Endelea. Umenyooka."

Nilikama hadi robo zote nne za kiwele zikalegea zikaning'inia kama soksi tupu. Nikazipapasa moja moja na vidole vyangu vikanipa habari kamili, hapa kumeisha, hapa kumebaki kidogo, hapa sasa kumeisha. Ng'ombe alipumua kwa kishindo akageuza shingo akaanza kumlamba ndama. Tulimwekea ndama dang'a yake, na iliyobaki bado ilijaza ndoo. Mzee aliichukua ile ndoo, na badala ya kwenda nayo jikoni alitembea nayo hadi langoni akasimama pale, eti anaangalia barabara. Jirani alipopita, alikuwa bado amesimama.

"Ni wewe umekama hiyo yote?" jirani aliuliza.

"Mimi?" alisema mzee wangu. "Mimi ningeweza wapi? Hiyo ni ya mama."

Kesho yake niliamka nikangoja moto kwenye vidole. Haukuja. Nilivaa sweta yangu nikafunga vifungo vyote hadi shingoni, halafu nikavifungua nikavifunga tena.

Nilirudi kwa yule daktari mnene. Aligonga kifundo changu, akangoja, akagonga tena. Sikuruka. Akanikunjisha mikono migongo kwa migongo, akaandika, akamaliza kuandika, akanitazama.

"Hakuna kitu?"

"Hakuna."

"Kaza mkono wangu."

Nikaukaza. Akasema "ai!" akauondoa haraka, akautikisa. "Basi, mama. Kisu hatukihitaji. Endelea na mazoezi, endelea na mkanda ukihisi dalili. Na usirudi kwangu."

Nilipitia kumuaga fizio lakini alikuwa na mgonjwa, mwanamke anayesuka nywele, akimfundisha ndoano na ngumi. Alinipungia mkono kutoka mbali. Nikateremka kwa miguu kutoka Milimani nikirusha mikono kama askari. Kwenye kona mtu alikuwa anachoma mahindi, nikanunua moja la moto, nikalipukuchua kwa dole gumba punje kwa punje, nikila, hadi nikafika kwa dada Free Area na gunzi tupu. Dada alinitazama mikononi, akapiga vigelegele pale dukani mbele ya wateja, na mmoja aliyekuja kununua kitunguu akapiga naye bila kujua sababu.

Siku hizi wanawake hunisimamisha kwenye kituo cha maziwa. Mmoja anasema vidole vinamwaka, mwingine anasema anaangusha sufuria. Namuuliza kila mmoja habari ya kidole kidogo. Nakunja mkono wa sweta, namwonyesha dole gumba linakaa wapi, kisha namwambia aende hospitali aangaliwe, asinisikilize mimi peke yangu.

Na nyumbani tunakama wawili. Mzee hakutaka kurudi nyuma, kumbe alikuwa ameipenda kazi. Yeye ana wawili wake na mimi nina wawili wangu, tunaanza pamoja jua likichomoza, na kila mmoja anasikiliza ndoo ya mwenzake. Hakubali kwamba ni mashindano. Lakini leo asubuhi nilipomaliza na kusimama, nilimsikia ananung'unika chini ya ng'ombe wake kwamba huyu wa kwake ana chuchu fupi.

"Ndiyo, mzee," nilimwambia, nikabeba ndoo yangu mwenyewe, kwa mkono wa kulia, nikaenda nayo jikoni.